Kibatari Bandani

Kuku kumi na wanne niliwaua kwa huruma.
Mwezi wa sita, upepo wa Ihumwa ukinoa meno,
niliziba banda kwa magunia, nailoni, boksi la televisheni,
kila tundu nikalishindilia tambara.
Nikalala nimeridhika, kama mtu aliyemfunika mtoto.
Asubuhi ya nne nilipofungua,
harufu ya mkojo ilinichoma macho kabla sijawaona:
wameduwaa, midomo wazi, koo zikikoroma.
Jirani akasema kideri.
Binti Mbeleje, bwana mifugo wetu ambaye ni bibi,
alinusa tu pale kizingitini, akaniuliza:
"Wewe humu ungelala?"

Nilichimba shimo nyuma ya minyaa.

Sasa najenga la pili.
Fundi Chilongani anataka plasta ya saruji, laini kama sahani.
"Utitiri utakosa pa kujificha," anasema. Si mwongo.
Mama anataka udongo wa kichuguu, samadi mbichi, majivu kidogo,
kama nyumba ya tembe aliyozaliwa kule Handali:
"Saruji hutoka jasho usiku. Udongo hulimeza."
Naye si mwongo.
Nami, mwana wa mmoja na mdaiwa wa mwingine,
nimeukata ukuta kiunoni:
chini saruji, isuguliwe kwa brashi;
juu udongo, na juu ya udongo chokaa, mikono mitatu,
nyeupe hata papasi akipita
umsome kama nukta.

Maranda ya seremala yalinuka dawa ya mbao, nikayarudisha.
Nimemwaga pumba za mpunga kutoka Bahi, kina cha kiganja.
Zinanukia mvua ambayo huku haijafika.

Kisha matundu. Hapo ndipo usingizi uliponikimbia.
Upepo wetu hutoka mashariki na haubishi hodi;
upande huo nimempa ukuta mzima, bila jicho.
Magharibi, wavu wa futi mbili, karibu na paa,
nguchiro asipenyeze hata ukucha.
Na kati ya ukuta na bati, mwanya wa vidole vinne,
maana joto hupanda, mvuke wa mkojo hupanda nalo,
na kinachopanda kikikosa mlango
hurudi.

Jana usiku niliingia na kibatari.
Nikachuchumaa chini ya fito za kulalia,
kichwa changu kimo cha kuku,
nikangoja.
Mwali ulisimama. Haukuinama,
kama mtu anayesikiliza.
Masizi yakapanda, yakapapasa bati,
yakatafuta, yakatafuta,
yakatoka.
Nje upepo ulikuwa unaburuta ndoo.

Nilikaa pale kuliko kazi ilivyodai.
Nilikumbuka tembe yetu, mafiga ndani, kitundu kimoja,
na kikohozi cha dada yangu Nyemo:
ndicho kilichotuambia usiku umefika kati.
Tulikiita mafua, mpaka mwaka kilipokoma.
Udongo haukuwa na kosa.
Hakuna aliyechuchumaa na kibatari
kimo cha mtoto.

Nilipotoka, nywele zimejaa pumba,
Sechelela alikuwa mlangoni, kanga kichwani.
"Umemaliza kuwapimia kuku?"
"Nimemaliza."
"Basi njoo upime na chumbani.
Dirisha uliliziba kwa kabati, mwaka ule wa wezi."

Kabati ni la mninga. Tulilisukuma wawili, tukiguna.
Nyuma yake buibui, shilingi hamsini,
na ukungu mweusi wa pumzi zetu za miaka saba.
Komeo lilikataa, kisha likakubali.
Baridi ikaingia na vumbi lake.
Akapiga chafya, akacheka, hakulifunga.

Kesho vifaranga thelathini wanatoka Kibaigwa.
Kona moja ya wavu bado haina misumari.